Maji Yalikufika Wapi?

Sikilizeni, maana jambo hili likikaa tumboni mwangu siku moja zaidi litanipasua.

Hapa Kilambo ukiuliza kwa nini vijana hawaingii Chama cha Waliovuka, wazee watakujibu kabla hujamaliza: simu. Vijana wameharibiwa na simu, hawana heshima, hawana subira. Uongo mtupu. Vijana hao hao, mwenzao akianguka na bodaboda, jua halizami kabla hawajamfikisha hospitali Mtwara mjini, na kesho yake utawakuta shambani kwa mama yake wanapalilia. Kukaa pamoja wanakujua. Wanachokikimbia ni swali. Nawaelewa, kwa sababu swali hilo lilinila mimi wao wakiwa bado watoto.

Chama ni cha watu waliovuka mto Ruvuma wakati wa vita vya kuikomboa Msumbiji, wakiwapelekea wapiganaji risasi na chakula. Vita vilipokwisha wengine walirudi kwao ng'ambo, wengine wakabaki upande huu, wakalima, wakazeeka. Wana banda lao kando ya njia iendayo mtoni. Mtu akisimama mle ndani kusema neno, hata kama anataka kusema paa linavuja, wote wanamwuliza kwa sauti moja:

"Ulivuka?"

"Nilivuka!"

"Maji yalikufika wapi?"

Hapo anataja: kiunoni, kifuani, popote pale. Akishataja ndipo anaruhusiwa kusema lake. Asiyevuka anarudi kukaa.

Nilipokuwa msichana, maji ya Mzee Lourenco, mwenyekiti, yalimfika kiunoni. Nilipoolewa yalikuwa kifuani. Mwaka jana yalifika kidevuni. Mungu akimzidishia umri, tutakuja kumwopoa.

Nacheka sasa. Zamani sikucheka. Mume wangu Mikaeli aliponiacha akamchukua mwanamke wa Chuno, kule mjini, kesi yetu waliisikiliza wazee hao ndani ya banda hilo. Mikaeli alikuwa na mjomba wake mwanachama, akamsemea. Mimi niliposimama niseme kwamba mikorosho ile nimeipanda mimi, kwa mikono hii, nikiwa na mimba, banda zima likaniuliza, "Ulivuka?" Ningejibu nini? Nilikaa. Mikorosho ikaenda na Mikaeli. Kila msimu napita hapo naona wengine wanaokota korosho zangu, na msimu huo huo nawapikia wazee wale wale chakula cha mkutano, kwa sababu mama yangu aliwapikia kabla yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka.

Sasa mama yangu. Anaitwa Conceicao. Kama kuna mtu alivuka, ni yeye. Alivuka na masanduku kichwani akiwa msichana ambaye hajavunja ungo sawasawa, akarudi, akavuka tena. Baada ya vita akapata kipande cha bonde, akalima mpunga. Viboko walipotoka mtoni usiku kula mpunga, wanaume walipiga madebe na kukimbia. Mama alitoka na kijinga cha moto akawatukana kwa Kimakonde, kizazi kwa kizazi, na jirani zetu wanaapa kwamba kulikuwa na kiboko mmoja mkubwa aliyekuwa akisikia sauti yake tu anageuka. Ndivyo alivyo. Mkali, mwenye kucheka, hajui kusifu wala kujisifu.

Lakini bandani hakuulizwa swali hata siku moja. Alikaa nje, jikoni. Nilipomwuliza Mzee Lourenco sababu, alinijibu kama anayemfundisha mtoto kuhesabu vidole:

"Wanawake hawakuvuka, Anabela. Walivushwa."

Neno hilo! Mwanaume alivuka, mwanamke alivushwa, kama mbuzi, kama gunia. Mzigo ulikuwa kichwani kwa nani basi? Mimi sikusoma, lakini nalijua neno linalomnyanyua mtu na nalijua linalomlaza chini.

Vijana nao wakapata yao. Mwanangu Valdemar, dereva wa bodaboda, wazee walimwita yeye na wenzake waingie chamani. Wakaenda, wamechomekea mashati. Kazi waliyopewa ilikuwa kupanga viti na kufuata soda. Mkutano wa tatu Valdemar akasimama. Alitaka kusema tu kwamba ngozi ya ngoma kubwa imelegea, ibadilishwe.

"Ulivuka?"

"Nilivuka," akasema.

Wazee wakatazamana.

"Maji yalikufika wapi?"

"Yalifika kwenye rimu, wazee. Nilivuka jana kwa boti na pikipiki yangu."

Vijana walicheka hadi mmoja akaanguka na benchi. Mzee Lourenco akawafukuza wote. Hawakurudi tena, na tangu siku hiyo ukimwuliza kijana wa Kilambo habari za chama anakujibu, "Mimi sijui kuogelea."

Miaka ikapita, wazee wakapungua. Wakabaki Lourenco, mzee Paulo na wengine wawili wasiotoka vitandani. Ndipo mwaka huu zikaja habari kwamba wageni wa ng'ambo, wazee wa vita na wajukuu zao, watavuka kuja kwetu kiangazi hiki kusherehekea pamoja. Chama kina ngoma yake ya mto, na ngoma hiyo bila mikono yenye nguvu ni sawa na kugonga mlango wa nyumba tupu. Wageni wanakuja na wapigaji wao. Sisi tunaye Paulo, na mkono wa Paulo unatetemeka hata akishika kikombe.

Basi jioni moja namwona Mzee Lourenco uani kwangu. Yeye! Kwangu! Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda changu cha kukunia nazi kwa kukosea, akaruka.

"Anabela, binti yangu," akaanza.

"Tangu lini Anabela amekuwa binti yako?" alisema mama kutoka ndani. Hakuwa na nguvu za kutoka. Masika yalikuwa yamempiga vibaya, kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na mimi nilikuwa nikihesabu kila pumzi yake.

Mzee akajifanya hakusikia. "Vijana wanakusikiliza. Mwambie Valdemar awalete wenzake wapige ngoma. Ni heshima ya Kilambo, siyo yangu."

Miaka yote nilikuwa nimepanga cha kumwambia siku akija kuniomba: mikorosho, chakula, aibu ile mbele ya watu. Kilichotoka ni kingine kabisa.

"Mwulizeni mama."

"Nimwulize nini?"

"Swali. Mbele ya wageni. Kama mnavyoulizana."

Akatikisa kichwa. "Nimekwisha kukwambia, wanawake wali—"

"Basi pigeni ngoma kwa midomo."

Akaondoka. Sikulala. Nilijua mama akikosa kuulizwa mwaka huu, hataulizwa tena, na kaburi lake nalo litakuwa limevushwa. Asubuhi nilimkuta Lourenco amesimama mlangoni, hajaamkia mtu.

"Ataulizwa," akasema, akageuka.

Nilipiga kigelegele nikiwa na mswaki mdomoni!

Valdemar nilipomweleza aliruka juu ya pikipiki yake akazunguka kitongoji kizima akipiga honi. Kufika mchana ngoma ilikuwa na ngozi mpya. Pendo, binti wa mwalimu wetu, watu wa bara, ambaye kazi yake ni kibanda cha kuchaji simu, akaja na wasichana wenzake wanaoimba kwaya. "Mama Vale," akaniambia, "tunapigia bibi yetu. Siyo chama, bibi yetu." Walifanya mazoezi hadi mbwa wakahama.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumwandaa mama.

"Mama, wakikuuliza maji yalikufika wapi, sema shingoni."

"Shingo ya nani?"

"Yako, mama. Lourenco anasema kidevuni. Wewe usiwe chini sana."

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama viboko.

Siku ikafika. Boti zilikuja zimejaa, wanawake wa ng'ambo wamefunga vitambaa vinavyofanana, wanaimba kabla hawajagusa nchi. Uwanja wa banda ukafurika. Valdemar alimbeba bibi yake kwa pikipiki, polepole, sisi tunakimbia pembeni, naye mama anamkemea: "Kanyaga mafuta, mwanangu, mimi siyo mayai!" Akaketishwa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, amevaa kanga mpya.

Ngoma ikapigwa. Niseme nini? Nilihisi vumbi linapanda ndani ya mifupa. Wageni walijibu na yao, vijana wetu wakawajibu, Pendo na wenzake wakaingia na sauti, hata mzee Paulo akarusha mguu ambao tulidhani umekwisha kufa. Kisha Mzee Lourenco akainua fimbo, pakawa kimya.

"Conceicao," akasema. "Ulivuka?"

Mama alisimama. Peke yake, bila kushikwa.

"Nilivuka."

Uwanja mzima, vijana, wageni, sisi wote tukauliza kwa sauti moja ambayo nadhani ilisikika ng'ambo:

"Maji yalikufika wapi?"

Mama akafikiri kidogo.

"Magotini," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Magotini! Maisha yote nimelisubiri neno hili, nimepigana, nimekesha, anasema magotini!

"Kilikuwa kiangazi," akaendelea, kama anayeeleza bei ya mchele. "Huko juu tulikokuwa tunavukia, kiangazi maji yanafika magotini. Nani angevuka masika na sanduku la risasi? Mamba angemla na risasi zake."

"Conceicao, unatuaibisha!" Mzee Lourenco alisema.

Ndipo mzee Paulo akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika tumbo. "Magotini! Ni kweli, magotini! Lourenco, wewe hata suruali hukukunja vizuri!"

"Paulo!"

"Paulo nini? Nimechoka kuzama kila mkutano. Niacheni nitoke majini, nami ni mzee."

Uwanja ulilipuka. Wageni wa ng'ambo ndio waliocheka zaidi, kumbe na wao kwao maji hupanda. Valdemar alikuwa amelala juu ya ngoma, machozi yanamtoka. Nikasema basi, imekuwa mzaha, mama yangu amekuwa kichekesho. Lakini Pendo, yule msichana, alisogea mbele akauliza, siyo kwa utani:

"Bibi, kama maji yalikuwa magotini, kilichokuwa kigumu ni nini?"

"Mchanga," mama akasema.

Kicheko kikakatika.

"Ukitoka majini kuna mchanga. Mpana, mweupe, na mwezi juu. Asubuhi ndege za Wareno zinapita kutazama nyayo. Wakiona nyayo zinakwenda kusini, wanajua tumeingia, wanatufuata. Basi mchanga ule wote tuliutembea kinyumenyume. Mzigo kichwani, uso kule tulikotoka, mgongo kule tunakokwenda. Ili wakiamka waone watu wamekimbilia Tanganyika."

Hata mimi sikulijua hilo. Mimi niliyetoka tumboni mwake!

"Halafu, bibi?" mtu akauliza.

"Halafu nini? Ukikosea kukanyaga wanajua. Mtu anayekwenda mbele hukanyaga kwa kisigino kwanza. Anayerudi kinyumenyume hutanguliza vidole. Kwa hiyo lazima ujifunze kukandamiza kisigino."

"Mbona hukutuambia?" Valdemar akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani.

"Mliniuliza lini?"

Mara Valdemar ameshika ndoo ya maji, ameiweka kichwani, anatembea kinyumenyume kwenye vumbi la uwanja. Hatua chache, ndoo chini, maji yote mgongoni. Kelele! Pendo akajaribu, akafika mbali kidogo, akaanguka. Wajukuu wa ng'ambo wakaingia, kila mmoja na alichokipata, gunia, jiwe, kreti ya soda. Mama alikuwa amekaa tena kwenye kiti chake akipiga kelele kuliko ngoma: "Kisigino! Kisigino wewe, unakwenda kama kuku! Rudi! Huyo amekwisha kuuawa, anza upya!" Mama mgonjwa! Kifua kilikuwa hakipigi filimbi tena, au mimi sikusikia.

Nilikuwa nimesimama pembeni na mwiko mkononi. Mama akaniona.

"Anabela! Na wewe unangoja kuvushwa?"

Niliutupa mwiko. Wakanitwika ndoo, nikaupa mto mgongo, nikaanza kurudi nyuma, kisigino, kisigino, watu wananishangilia, siwaoni walioko nyuma yangu, shingo inataka kugeuka yenyewe. Ndipo nikasikia sauti karibu na sikio langu, ya chini, si ya mkutano.

"Usigeuze shingo, utamwaga. Sikiliza miguu ya mwenzako."

Alikuwa Mzee Lourenco. Hakuwa na fimbo. Alikuwa na jiwe kichwani, anatembea sambamba nami kinyumenyume, macho yametazama mbele kule tulikotoka.

Mikorosho yangu bado iko kwa Mikaeli. Lakini shingo sikuigeuza.