Miti Niliyopanda Mpakani kwa Mokua

Mpaka saa hii sijakubali kwamba jana tulimzika Mokua wa Birongo, jirani yangu na rafiki yangu tangu ujana.

Pale matangani nilipewa maikrofoni nikamsifu vizuri, watu wakalia. Lakini la kweli sikulisema. Naliandika hapa kwenye simu kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nilimwonea Mokua wivu. Si wivu wa mchezo, jameni. Ule wa kufanya chakula kikukwame kooni.

Miaka ya sitini mashamba yalipopimwa, kila boma lilipata ukanda mwembamba kutoka juu kilimani mpaka bondeni kwenye maji. Shamba langu na lake yalipakana, katikati ua wa michongoma tu.

Mimi nilikuwa karani mjini Kisii, shati jeupe na tai. Mji ulikuwa unajengwa kila upande na makontrakta walitaka nguzo. Basi nikakausha kinamasi changu, nikajaza mikaratusi mpaka chini kabisa kwenye chemchemi. Nikaezeka mabati kabla ya mtu yeyote upande ule.

Mokua? Yeye aliacha kinamasi chake vilevile, na matete yake na vyura wake. Nilimcheka mbele ya watu, "Wewe siku hizi unafuga vyura?" Akanijibu, "Ndiyo, na wewe unafuga miti inayokunywa kuliko ng'ombe." Watu wakacheka, lakini walinicheka mimi.

Miaka michache tu, chemchemi yangu ikakauka. Mke wangu akaanza kuvuka ua na mtungi kwenda kwa Mokua. Anarudi akicheka, mdomoni ni Mokua kasema hivi, Mokua kasema vile. Nilikunywa yale maji nimenuna.

Halafu ukaja ukame, miaka ya sabini. Mifereji ya mjini ikawa inakoroma hewa tu. Siku moja lori la mapipa likateremka Birongo, na ndani yumo engineer wa maji, boss wetu mkubwa ofisini. Nilitoka mbio nikifunga tai. Lori likapita nyumba yangu ya mabati, likaenda kusimama kwa Mokua.

Akawachotea, miguu mitupu, matope mpaka magotini. Kisha akamwambia engineer, "Bwana mkubwa, mji wenu na hili bonde ni nyumba moja. Nyinyi mnakaa sebuleni, lakini jiko liko huku. Mkiharibu jiko, huko sebuleni mtakula nini?"

Wueh! Engineer akatoa notebook akaandika. Mimi nilikuwa nimempigia chapa report zake mwaka mzima na hakuwahi hata kuniuliza jina.

Wiki hiyohiyo nikaleta miche ya mikaratusi nipande pale mpakani, usawa wa chemchemi yake. Nilijua ninachofanya. Mokua alipouliza, nikamwambia ni miti ya paa la kanisa letu. Wasabato wenzangu mnajua, ukishataja kanisa nani atabisha?

Aliiangalia ile miche. Kisha akaenda akaleta jembe, akanisaidia kuchimba mashimo. Aki Mungu wangu. Alichimba mengi kuliko mimi.

Kanisa halikupata hata ufito mmoja.

Miti ikapanda juu, maji ya Mokua yakaanza kushuka. Akaniita tusimame pale. "Nyaberi, hii chemchemi inaumwa. Wewe umesoma, unaonaje?" Nikasema labda ni migomba yake, iko karibu sana na maji.

Akaikata yote. Kwamboka, mke wake, alilia kama amefiwa, maana watoto walikuwa wanakula hapo. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua nikisikiliza na nitasema ukweli: nilifurahi.

Chemchemi haikufa. Ilibaki uzi mwembamba, foleni ndefu kwa mtungi mmoja. Na bado Mokua alikuwa akimwambia mke wangu, "Shemeji, pita mbele, miguu yako inauma."

Jana kila aliyesimama alisema huyu ndiye mtu aliyelinda maji ya bonde letu. Vijana wa mazingira kutoka mjini walipanda mti wa kienyeji karibu na kaburi, wakapiga picha. Nami nikaketi pale kwenye hema nikaona wivu tena. Wivu wa maiti! Mzee mzima kama mimi, na fimbo mkononi.

Mara tatu nilikuja kwako nikwambie, Mokua. Mara tatu ulinipa kikombe cha maji, nikanywa, nikaaga.

Sijui kama ulijua. Hapana, wacha nisijidanganye. Mtu aliyejua kila chura wa bonde lile angekosaje kujua miti yangu inakunywa wapi?

Kesho asubuhi naenda kwa Kwamboka nimwambie mwenyewe, kabla mtu hajamsomea haya kwenye simu. Nitabeba msumeno. Akisema nianze kukata ile miti, nitaanza. Akinifukuza, atakuwa na haki yake.

Naogopa, rafiki yangu. Nimeogopa miaka hii yote. Wewe umelala huko na hakuna mtu hata mmoja unayeogopa kumtazama usoni. Hata hilo nakuonea wivu.

Lala, Mokua. Lala salama, na ukiweza, unisamehe.