Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Kanuni aliiandika mwenyewe kwenye ubao wa getini: Nyumba hii imekarabatiwa kwa chokaa, udongo na mbao zake za zamani. Hakuna saruji. Aliyeiandika ndiye aliyeivunja.

Watu walimwita Shangazi. Nyumba ilikuwa ya babu yake, nyumba ya shamba yenye kuta za mawe, na yeye na kaka yake mkubwa walikubaliana kuifufua ili walaze wageni. Walimpata fundi wa chokaa, mzee aliyeitwa Polepole, na jina lilimkaa. Chokaa aliiloweka shimoni miezi mitatu kabla ya kuigusa. Kila tabaka alilipaka, akalifunika kwa magunia mabichi, kisha akalikalia kama mtu anayeuguza.

"Fundi, ukuta huu utakauka nikiwa na wajukuu?" kaka alimtania.

"Wajukuu unao tayari, bwana. Subiri vitukuu."

Ukabaki ukuta mmoja, wa chumba cha nyuma. Wageni wa kwanza walikuwa wameshapanga tarehe. Polepole akaenda msibani siku tatu, na siku ya pili kaka akaingia na mifuko miwili ya saruji chini ya turubai.

"Mdogo wangu, ukuta mmoja tu. Juu tunapaka chokaa. Nani atajua?"

Shangazi angeweza kukataa. Badala yake alishika ndoo ya maji.

Polepole aliporudi aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akafuta mwiko wake. "Huu sikuupaka mimi, Shangazi. Ukiulizwa, usinitaje." Akaondoka zake.

Mvua zikaanza. Mawe ya zamani hunyonya unyevu wa ardhini. Chokaa huuachia utoke, saruji huufungia ndani. Rangi ikavimba malengelenge, chumvi ikachomoza ukutani kama unga. Mgeni hakuwa wa kulazwa pale. Shangazi akahamishia kitanda chake humo, akatangaza kuwa ndicho chumba chake, na ufunguo akauning'iniza shingoni.

Tangu hapo hakulala kwingine. Kila asubuhi aliwazungusha wageni, na walipouliza alijibu, "Chokaa tupu." Walimsifu, naye sifa zilimkaba. Hakuthubutu kusafiri hata siku mbili, maana kaka angemweka mgeni mle na siri ingetoka. Bintiye alijifungua mara mbili, mama hayupo.

"Mama, hiyo nyumba imekuoa?" binti alimuuliza kwenye simu.

"Nina kikohozi, mwanangu. Kikipoa nitakuja."

Kikohozi kilikuwa cha kweli. Kilitoka kwenye ukuta ule ule.

Mwaka wa nne alikuja mama mmoja wa makamo na daftari lake. Alikuwa na nyumba ya bibi yake aliyotaka kuikarabati, na ndugu zake walikuwa wanamvuta kwenye saruji. Alizunguka akipima na kuandika, mpaka akafika mlango wa nyuma. Akasimama, akanusa.

"Dada, hapa pana unyevu."

Shangazi aliushika ufunguo shingoni.

"Kumbe chokaa nayo haifui dafu," yule mama akasema, akikata mstari daftarini. "Ndugu zangu walikuwa sahihi. Bora saruji."

Miaka yote ile Shangazi alijidanganya kwamba uongo wake haumwumizi mtu ila yeye. Sasa nyumba ya mtu mwingine ilikuwa inakwenda kuoza kwa sababu ya uongo huo. Akavua ufunguo shingoni, akafungua.

"Ukuta unaonuka ni huu peke yake. Huu tuliutia saruji, na niliyechota maji ni mimi. Andika hivyo."

Mchana huo alifuta maneno mawili ya mwisho ubaoni. Kaka alipopata habari alikuja mbio.

"Umetuvua nguo mbele za watu."

"Tulikuwa uchi siku zote, kaka."

Ukuta ukabomolewa. Polepole alikubali kurudi baada ya kuombwa radhi, akachimba shimo jingine la chokaa.

Saruji ile iliwaokolea wiki sita. Ilimgharimu Shangazi miaka minne, na kuzaliwa kwa wajukuu wawili hakukuona. Kifua chake hakijapona, na kaka yake hasemi naye.