Kibanda Kisicho na Mwenyewe

Kwa miaka mingi nilichora mageti. Dodoma ilipoanza kujaa watumishi, kila aliyepata kiwanja alitaka kwanza ukuta, kisha geti, na nyumba baadaye Mungu akijalia. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuchora vibanda sita vya mbao vya kupumzikia wapanda milima, kwenye vilima vya upande wa Chemba, niliringa kama bwana harusi.

Masharti ya wafadhili yalikuwa matatu, na niliyapenda kuliko walivyoyapenda wao: asiishi mtu humo, usiwashwe moto, asiingie mfugo. Kwanza kingejengwa kimoja cha majaribio. Wakaguzi wakikipitisha, nijenge vitano vilivyobaki. Wakikikataa, narudi kwenye mageti.

Fundi wangu alikuwa seremala wa Zuzu, mtu wa vitanda na makabati. Alitaka tupake nguzo oili chafu ili mchwa wasizile. Nilimweleza kwa saa nzima kuhusu udongo, maji ya mvua na vizazi vijavyo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama mchwa nao wameshaelezwa. Mwishowe tuliziweka nguzo juu ya mawe, kila moja na kofia yake ya bati ya kuwazuia mchwa, na pale kilimani hatukukata mti hata mmoja. Mlango haukuwa na kufuli, kwa sababu kibanda kilikuwa cha kila mtu. Nje, chini ya upenu, nilitundika kitabu cha wageni.

Wa kwanza kupanda walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja ya serikali kule Mtumba, watu kumi na wawili waliovaa fulana za rangi moja. Jumatatu nilikwenda kusoma sifa zangu. Waliandika: “Tumefika salama. Bahati mbaya mwenyeji hayupo. Tutarudi siku nyingine.” Walikuwa wamekaa juani mchana kutwa, wakala chapati zao kwenye upepo, wakateremka.

Nilidhani ni ushamba wao. Wiki iliyofuata kundi jingine likaandika: “Tumepiga hodi mara tatu, kimya.” Ndipo nilipochukua rangi nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KARIBU, INGIA, HAKUNA MTU. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kwa brashi. Kitabu kikajibu: “Kuna mtu ndani ameandika kwamba hakuna mtu. Tumeona busara tuondoke.”

Nilikasirika kweli. Nilikuwa nimepima jua, upepo, mteremko na urefu wa mtu aliyelala, na sikupima kwamba sisi hatuingii mahali ambapo hatujakaribishwa. Mimi mwenyewe nisingeingia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mwenyekiti wa kijiji aliona jambo hilo ni dogo. “Unahitaji mtu wa kuitikia tu,” akasema. Akaniletea mama mmoja mjane, mtu mzima, ambaye nyumba yake ya udongo ilianguka masika yaliyopita. Tangu hapo alikuwa akilala katika stoo ya shemeji yake, katikati ya magunia ya uwele. Tulikubaliana apande asubuhi, aitikie hodi, jioni ateremke.

Aliteremka siku mbili. Siku ya tatu alipandisha mkeka. Ya nne, sufuria. Mwisho wa wiki nilikuta mafiga matatu juu ya jabali langu ambalo halijaguswa na binadamu, na kuku watatu wakitaga chini ya kitanda cha wapanda milima.

Na watu walikuja. Walikuja wakaingia, wakakaa, wakala ugali na mlenda. Kwa kuwa mtu haendi kwa mtu mikono mitupu, walipanda kilima wakiwa na sukari, sabuni na mafuta ya kula. Mama alipopata mafua, ile ofisi ya Mtumba ilipanda nzima kumpa pole. Kitabu kilijaa. Lakini hakuna mgeni hata mmoja aliyelala humo. Kila jioni waliandika kwamba wasingependa kumsumbua mama.

Kisha ikaja barua kwamba wakaguzi wanakuja Alhamisi. Nilitangulia saa moja mbele yao.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?”

Nilimweleza masharti yote matatu. Nilitaka abishe, nigombane naye kidogo, nipate nguvu. Hakubisha. Alikunja mkeka, akazima moto kwa maji ya kuoshea vyombo, akawaingiza kuku ndani ya tenga. Nikamwomba pia, na naona aibu kulisema, kwamba watu wakipiga hodi asiitikie.

“Nimeelewa,” akasema. “Naweza kukaa pale kwenye jiwe? Kwa shemeji wameshajaza magunia pale nilipokuwa nalala.”

Nikamwambia akae.

Wakaguzi walikuwa watatu, wakihema. Walisifu nguzo, walisifu kofia za bati. Nilishaanza kuviona vibanda vitano vikisimama kilima kwa kilima. Kiongozi wao, dada mmoja mwenye daftari, akausogelea mlango usio na kufuli ili akague ndani. Akasimama.

“Hodi,” akasema.

Kimya. Akasema tena. Wenzake wakarudi nyuma hatua moja, kama inavyotakiwa. Mama kwenye jiwe alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni, akijizuia. Yule dada akapiga hodi mara ya tatu. Kisha akafunga daftari, akanigeukia.

“Mwenye nyumba yuko wapi?”

Nilikuwa na jibu, nililiandika mwenyewe katika ramani: jengo hili halina mwenyewe. Nilifungua kinywa kulisema. Nikamtazama yule mama na tenga lake.

“Yule pale,” nikasema.

Vibanda vitano vilikwenda na maji hapo hapo, na nilijua.

Mama aliinuka bila kunitazama. Akakung’uta khanga, akachukua tenga la kuku, akapita katikati yetu sote, akaingia, akaufunga mlango. Tukamsikia akitandika mkeka. Kisha akaitikia.