Kibao cha Ng'ambo ya Barabara

Mpangaji wa Mama Oliva hupuliza unga wa salfa, dawa ya ukungu inayochoma macho, kwenye mikorosho ya watu, na hapa Newala ni yeye peke yake anayeifanya kazi hiyo kavaa miwani ya pikipiki. Wenzake humcheka. Lakini msimu ukiisha anahamia ghala la kampuni inayouza salfa hiyo, Dar es Salaam, na huko, kila Jumamosi, ataanza kujifunza kurusha ndege, mradi daktari ayapitishe macho yake. Basi kila akirudi kutoka shambani humpa mama mwenye nyumba shikamoo yake na kuomba maji ya kunawa. Mama humpimia kikombe kimoja. "Haya macho yako yatatumalizia pipa," hunung'unika. Kisha mpangaji huziba jicho moja, halafu la pili, akisoma kwa sauti kibao cha wanunuzi wapya ng'ambo ya barabara: "Tunanunua korosho safi, karibuni wote." Mama Oliva hajui kusoma, ila maneno hayo ameshayashika kichwani.

Jana alirudi bila miwani, macho mekundu, yanachuruzika. Miwani alikuwa amemvisha mzee Alfredi, mpulizaji mwenzake, ambaye macho yake yalishavimba. Akaziba jicho moja.

"Tunanunua korosho..."

"Safi, karibuni wote," Mama Oliva akamkumbusha.

"Nayajua, Mama. Ila siyaoni."

Mama Oliva aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji ya akiba, akaitua miguuni pake. Kikombe alikiacha ndani.