Ugali Usiovutika

Wakati wa vita ya pili unga wa ngano ulitoweka madukani. Kidogo kilichofika Dodoma mjini kiligawiwa wenye nafasi zao, na sisi wa stesheni ndogo ya upande wa magharibi hatukukiona. Mimi nilikuwa mwangalizi wa pampu iliyovuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi la kunyweshea injini za garimoshi. Nyumbani tulikula uwele, na aliyeusaga ni mama yangu mzazi, ambaye alikuwa akikaa nasi. Alikuwa na jiwe lake nyuma ya nyumba na hakupenda mtu mwingine aliguse.

Vita ilipokwisha mama alifariki, na ngano ikarudi karibu wakati uleule. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu yote mawili yalihusika na mikono ya mke wangu, ingawa ilinichukua muda kuliona hilo.

Mke wangu alikuwa na baridi yabisi tangu kabla ya vita. Vidole vilivimba kwenye viungo, na asubuhi vilikuwa vimekakamaa hata hawezi kujifunga kanga. Alikuwa akiniita nikiwa bado nakunywa chai, nami namfunga, tena vibaya, naye anacheka huku uso umekunjamana. Miaka ya vita alipata nafuu. Tulidhani ugonjwa umechoka wenyewe.

Baada ya msiba hapakuwa na wa kusaga. Kusaga uwele kwa mkono ni kazi ya bega, kifundo na vidole, na humaliza nusu ya siku kwa chakula cha siku moja. Mikono yake isingeweza. Basi nikafanya lililoonekana kuwa jema: nikazungumza na gadi mmoja wa garimoshi, akawa ananiletea mikate kutoka mjini. Mhindi mwenye duka kando ya reli naye alikuwa na unga wa ngano uliokwisha kusagwa, mweupe, laini, wa kusonga ugali bila taabu. Mkate ulikatwa kwa kisu, hauhitaji nguvu. Nilijiona nimempumzisha.

Kabla mwaka haujaisha mikono ilikuwa mibaya kuliko ilivyowahi kuwa. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, kama mtoto.

Hapo ndipo habari ilipotufikia kwamba binti yetu, aliyeolewa Manyoni, ana mimba ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na bibi ndiye anayemwogesha tangu siku ya kwanza. Nilitegemea furaha. Mke wangu alikaa jioni yote akivitazama vidole vyake juu ya mapaja, kisha akasema, "Mwambie gadi apeleke salamu. Binti abaki kwa mama mkwe wake."

Nikamwuliza kwa nini.

"Mtoto mwenye maji anateleza. Mikono hii itamwangusha."

Sikupeleka salamu hizo. Nilimwomba anipe muda, naye akakubali, labda kwa kuniridhisha tu.

Tulikwenda hospitali mjini. Tabibu alimpima vizuri, akampa vidonge vya kutuliza maumivu, akamwambia ajikinge na baridi. Nilimwuliza kama chakula chaweza kuzidisha hali ile. Alijibu kwa uungwana kwamba hajawahi kulisoma jambo hilo, ila haoni hatari ya kujaribu mradi mgonjwa ale ashibe.

Mimi shule niliiacha mapema. Mengi niliyoyajua niliyapata kwa kusoma karatasi zilizokuja na mashine, na kwa kukaa na mashine zenyewe. Pampu ikipungua nguvu hufungui kila kitu kwa mara moja. Ukifanya hivyo, hata ikipona hujui kilichoiponya. Unagusa kimoja, unasubiri, kisha kingine. Basi nikajiuliza miaka ya vita ilikuwa na tofauti gani na miaka hii. Sukari ilikuwa haba. Ngano haikuwapo. Mama alikuwa hai.

Tulianza na sukari, kwa sababu ndiyo niliyoishuku. Mke wangu alikunywa chai kavu bila kunung'unika, na mikono ikabaki ilivyo. Sukari ikarudi. Kisha tukaacha ngano: mkate, ugali mweupe, na maandazi ya jirani pia, tukawa tunakula unga wa uwele wa kuazima kwa majirani. Haikuwa siku moja wala mbili. Lakini asubuhi moja nilimaliza chai yangu yote na sikuitwa. Nilipoingia ndani nilimkuta amejifunga kanga mwenyewe. Fundo lilikuwa legevu, ila lilikuwa lake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kuhakikisha. Alisema pengine ni mvua tu zilizokatika. Akala mkate tena kwa hiari yake, na uvimbe ukarudi. Tukaacha tena. Sikusema nimegundua dawa, wala sisemi hivyo leo, maana nimewaona wengine wenye ugonjwa huohuo ambao kuacha ngano hakukuwasaidia lolote. Nilisema tu kwamba mikono hii na ngano havipatani.

Sasa ikaja shida yenyewe, maana huwezi kuazima unga milele. Chakula kilichompa nafuu ndicho kilichohitaji mikono. Mashine ya kusaga ilikuwa mjini, na unga wa uwele hauwekeki: siku chache tu unakuwa mchungu, huwezi kuuagiza kwa gunia kama ngano. Lazima usagwe nyumbani kila mara. Binti alikuwa kwa mumewe, mama alikuwa kaburini. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaondoa majani yaliyoota kuzunguka jiwe, nikapiga magoti.

Kwa msomaji asiye Mgogo naeleza kwamba kwetu mwanamume hapigi magoti kwenye jiwe la kusagia. Hakuna amri wala adhabu. Jambo lenyewe halipo, basi. Unga wangu wa kwanza ulikuwa na chenga na mchanga. Tulitafuna tukisikia meno yakilia. Baadaye nilipapasa jiwe nikaona limelainika kwa miaka ya mama, limekuwa kama sahani. Nikachukua jiwe jingine gumu, nikaligonga polepole uso mzima mpaka likaota meno. Tangu hapo unga ulitoka sawa.

Jirani yetu alikuwa mke wa mnyapara wa njia ya reli, Mnyamwezi, na kwa hiyo mtani wangu. Alichungulia juu ya ua siku ya tatu au ya nne.

"Mtani," akasema, "nasikia pampu ya Serikali imeharibika, wamekuhamishia huku."

Nikaendelea kusaga.

"Umekaa vizuri kweli. Nikuletee kanga ya kujifunga, au unayo?"

Nilimwambia alete, ila isiwe kuukuu kama zake. Akaondoka akicheka, na kufikia jioni kambi nzima ya reli ilikuwa na habari. Vijana wa njia ya reli walipopita pampuni waliniamkia shikamoo kwa adabu iliyozidi kidogo. Mimi hilo halikunisumbua. Utani una haki yake, na mikono ya mke wangu ilikuwa inafunguka.

Kisha ikaacha kufunguka. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Sikuelewa. Ngano haikuwamo nyumbani, uwele ni uleule, mvua hazikuwapo. Nilirudia hesabu zangu zote kichwani nikiwa kwenye pampu, na sikupata kosa.

Kosa lilikuwa kwenye sahani. Jioni moja nilikata tonge, nalo halikukatika, lilivutika. Ugali wa uwele haufanyi hivyo. Huo ukiumega unakatika papo hapo, na ukiubana unasambaratika kidogo pembeni. Ngano ndiyo yenye mnato, ndiyo inayonyumbuka kama ulimbo wa kunasia ndege. Nilivuta tonge lile polepole mbele ya taa na kulitazama. Mke wangu alinitazama mimi.

"Umechanganya," nikasema.

Hakukana. Alikuwa akienda kwa Mhindi mchana nikiwa kazini, ananunua kiasi kidogo, anachanganya nusu kwa nusu ili unga wangu utoshe siku nyingi zaidi. Nikafikiri labda ni hamu ya ngano, nikamwuliza hivyo.

"Hamu ya nini?" akasema. "Wanakucheka. Mtu mzima, mwenye pampu ya Serikali, anapiga magoti nyuma ya nyumba kama mwali. Nilitaka upige magoti mara chache."

"Wanaonicheka wana haki yao. Mimi magoti hayaniumi."

"Mimi yananiuma. Magoti yako."

Tulikula ugali ule kwa kuwa hatukuwa na mwingine, yeye akala mboga zaidi. Usiku ule nilijua kwamba kuwaficha watu kazi ile ndiko kulikoifanya ionekane ya aibu. Kesho yake, nilipotoka kazini, nilimwita mnyapara mwenyewe tukasaidiana kulibeba jiwe mpaka mbele ya nyumba, penye kivuli cha paa, mahali ambapo kila mtu anayetoka stesheni hupita. Mnyapara hakuuliza kitu. Mke wake aliuliza kwa niaba yake. Lakini safari hii alipomaliza maneno yake alizunguka ua, akasimama nyuma yangu, akaniambia magoti yangu yako mbali mno na ndiyo maana naumia mgongo. Alikuwa sahihi. Kuanzia hapo utani wake ulikuja pamoja na mafunzo.

Mke wangu hakwenda tena kwa Mhindi. Mikono ikarudi kwenye njia yake, kwa mwendo wa kobe.

Miezi ya binti ilikuwa inasogea. Mama mkwe wake, yaani mama wa mkwe wetu, aliposikia kwamba mikono ya mke wangu ina ugonjwa, alifanya ambalo ningefanya mimi: alipanda garimoshi aje aone. Hakutoa taarifa. Aliteremka, akatembea hatua zile chache kutoka stesheni, akanikuta nimepiga magoti mbele ya nyumba yangu, unga umenijaa kifuani.

Kwa heshima tuliyonayo kwa wakwe, ilinipasa niwe nimeketi kitini, nimevaa shati safi. Nilitaka kuinuka, lakini nilikuwa na unga nusu juu ya jiwe, na upepo ulikuwa unavuma. Nikamalizia. Yeye akasubiri pale pale akiwa na kikapu chake.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, mke wangu alipotokea mlangoni. Wakashikana mikono, na mama yule hakuuachia mkono. Aliushika huku akiuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, na wakati wote kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya viungo vya mke wangu kimoja baada ya kingine. Mke wangu alimwachia aukague. Niliona shingo yake imesimama.

Kisha mgeni akageuka kunitazama. "Na huyu ndiye msagaji wenu?"

"Ndiye," mke wangu akajibu.

"Mnampa nini?"

"Anapewa ugali. Na bado analalamika chumvi."

Mama yule alificha mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakamtikisika. Alilala kwetu siku mbili. Alikula ugali wetu, akamwangalia mke wangu akifunga mzigo wa kuni, akaangalia pia kidole gumba cha kulia, ambacho hakikunyooka kamwe na hakijanyooka mpaka leo. Hakuficha kwamba amekiona. Alipokuwa anapanda behewa alimwambia mke wangu kwamba binti atakuja mwezi ukiandama, na kwamba kama mikono itachoka, majirani wapo.

Binti alikuja, akajifungua salama, mtoto wa kike. Asubuhi ya kumwogesha, mke wangu alitandika kitambaa kwenye beseni ili mtoto asiteleze, akapima maji kwa kiwiko. Mtani wangu aliingia naye chumbani, tayari kumpokea mtoto endapo mikono itashindwa. Hayo tulikuwa tumeyapanga sote watatu, na mke wangu alikuwa amekubali. Mwanamume hakai humo. Nikatoka nikakaa kwenye kizingiti, nimegeuzia mlango mgongo.

Nilisikia maji. Nilisikia mtoto akianza kulia na mke wangu akimbembeleza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu binti yetu alipokuwa mchanga. Kisha maneno ya chini kwa chini kati ya wanawake wawili, siwezi kusema ni yapi. Nilikuwa nimeweka viganja juu ya magoti, nikingoja kuitwa.

Mlango ulifunguliwa. Mtani wangu alitoka mikono mitupu, mikono ya gauni ikiwa mikavu kabisa, akaketi kando yangu kizingitini.

"Amenifukuza," akasema.

Ndani maji yaliendelea kumwagwa, kidogo kidogo, bila haraka. Tulikaa tukisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuwa na la kunitania.