Mzigo Kabla ya Mtu

Vita viliponirudisha Butembo kabla sijamaliza masomo ya uzamili, niliishi Mususa kwa dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Darasa lake lilijaa watoto waliokimbia kutoka Vuhovi, nao hawakuwa na kitabu cha kusoma. Aliniomba niwatungie hadithi fupi, niichore mwenyewe.

Tulichapa kwa stensili, yaani karatasi ya nta inayokwaruzwa kwa kalamu ya chuma ili wino upenye. Mkwaruzo haufutiki. Nilikuwa nimeharibu stensili kadhaa kwa kusitasita. Ilibaki moja, na barabara ya Beni, zilikotoka, ilikuwa imefungwa kwa mapigano.

Kwa hiyo sikuthubutu kuanza. Nilirekebisha rasimu kwa penseli mpaka karatasi ikatoboka. Ilimwonyesha mama akikimbia na mzigo kichwani, huku akiwaeleza wanawe, kwa sentensi ndefu nilizozipenda, maana ya amani. Vipimo vyote vya mwili vilikuwa sahihi, lakini mama huyo hakuwa akienda popote.

Dada, aliyeniita Petit, yaani mdogo wake, aliitazama, akacheka.

"Petit, huyu mama ametoka wapi? Mu kitabu ya Bazungu?"

Nilikasirika, kwa kuwa alisema kweli. Nilijifunza kuchora kwa kunakili vitabu vya shule vya Kifaransa, ilhali mama zetu hubeba mgongoni, mkanda ukipita juu ya paji la uso. Nikabisha kwamba ni jambo dogo, nitauhamisha mzigo tu. Alinivika mkanda wa kitunga chake kilichojaa viazi, akaniamuru nizunguke ua.

"Sasa sema ile maneno yake yote."

Sikufika hata kwenye koma ya kwanza. Shingo ilikaza, macho yakabaki chini, mikono ikapanda yenyewe kushika mkanda karibu na masikio. Pumzi ilitosha maneno mawili.

Tangu hapo nawashauri wanaoniuliza namna ya kuchora hadithi: chora mzigo kwanza, mtu aufuate, na sentensi uipime kwa pumzi ya anayeisema. Niliifuta hotuba yote. Mikono ya mama ilikuwa kwenye mkanda, basi aliwaambia wanawe tu, "Mushikane mikono."

Kisha nikachukua stensili ya mwisho. Mkono wangu uliteleza penye shingo, ikatoka nene mno. Tulichapa hivyo hivyo, na watoto wakasoma. Mimi, kila nikifungua nakala yangu, naona shingo tu.