Mutuka Inaomba

Kwetu Kamina fundi hasemi kitu kimeharibika. Anasema mutuka inaomba. Ile yangu niliinunua kwa Mubelgiji mmoja, ikiwa imeshazeeka kwa barabara ya Base, ile kambi ya waaskari. Iliomba breki, nikalipa. Iliomba resori, zile springi za magurudumu, nikalipa. Halafu siku moja fundi akapangusa mikono: "Baba, sasa inaomba moteri mupya."

Sikukasirika hata. Ili nipate hiyo injini, niliuza mashini ya kushona ya bibi, mke wangu. Yeye mwenyewe alitoa nguo iliyokuwa chini ya sindano, akaikunja.

Mutuka iliponguruma tena mbele ya nyumba, sikusikia furaha wala uchungu. Nikamwambia bibi, "Na weye omba kitu."

Alikuwa anashona kwa mkono. Hakuinua kichwa.

"Miye siko mutuka."